Nyumba Inapoondoka Nawe: Jiko, Choo na Historia ya Magari ya Kulala



Mama yangu ana neno moja la kukataa safari. Husema, "Nendeni nyie, mie nitalinda nyumba." Alilisema tulipomwalika harusini Pemba. Akalisema tena tulipokwenda Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa. Sote tulijua nyumba ile haina haja ya mlinzi. Mama ana sukari, na haja ndogo humshika kila baada ya muda mfupi. Kwa mwanamke wa umri wake hakuna fedheha kubwa kama kumwomba dereva wa daladala asimame, kisha ashuke akajifiche nyuma ya migomba huku abiria wote wanamsubiri. Basi akaona afadhali abaki.

Mwaka jana tulikwenda Muscat, mimi na yeye, kumtazama kaka yangu. Ilikuwa msimu wa kharifu, wakati milima ya Salalah inapopata manyunyu na ukungu na kugeuka kijani, ilhali Oman nyingine yote inaungua kwa jua. Kaka akataka twende sote. Ni safari ya kiasi cha kilomita 1,000 kwa kupitia Nizwa, Adam, Haima na Thumrait, na sehemu kubwa ni jangwa tupu. Mama hata hakungoja kuulizwa. Akasema atalinda nyumba.

Kaka akacheka tu. Siku ya pili jioni akaja na gari la kulala aliloazima kwa rafiki yake, lile ambalo wenyeji wa huko huliita karafani. Lina vitanda, jiko la gesi la macho mawili, friji, sinki na choo kidogo chenye mlango wa kufunga. Akamwambia, "Haya Mama, hii nyumba unayotaka kuilinda ndiyo inayoondoka. Panda uilinde."

Mama akapanda.

Niliporudi Unguja lile gari halikunitoka kichwani. Nikataka kujua nani aliyefikiria kuitia nyumba magurudumu, na alikuwa akitafuta nini. Nilipoanza kusoma nikakuta majina ya wanaume matupu. Lakini nilivyozidi kusoma niliona kwamba kila pale historia hii inapopiga hatua, nyuma yake kuna jiko, kitanda, pazia au choo. Hayo ndiyo mambo ambayo mwanamke huyakosa mwanzo akishatoka mlangoni kwake.

Kabla ya magurudumu

Tuanze na tunachokijua. Waarabu wa kale walikuwa na hawdaji, kijumba cha miti na nguo kilichofungwa juu ya ngamia ili mwanamke asafiri kwa stara. Wengi wetu tumekisikia katika kisa cha Bibi Aisha (r.a.). Msafara ulipotua usiku alitoka kwenda haja, akarudi, akagundua kuwa mkufu wake umepotea, akaenda tena kuutafuta. Waliokuwa na kazi ya kukiinua kijumba wakakipandisha juu ya ngamia, wakidhani yumo ndani, na msafara ukaondoka. Tunakisoma kisa hiki kwa mafunzo yake makubwa zaidi, lakini mimi safari hii nilikiona pia kwa jicho la msafiri. Kijumba kilimpa mwanamke pa kukaa na pa kujistiri. Kwa mengine ilibidi ashuke gizani kama kila mtu.

Huku kwetu, Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, aliandika kumbukumbu zake zikachapishwa Ujerumani mwaka 1886. Humo anasimulia jinsi wanawake wa nyumba ya Sultani walivyotoka mjini kwenda mashambani. Ilikuwa ni safari yenye watumishi na mizigo, kwa sababu starehe ya bibi mmoja ilibebwa na mikono ya watu wengi.

Bara, katika karne hiyohiyo, misafara ilitoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu. Tukiikumbuka misafara ile tunawakumbuka wapagazi wanaume na pembe za ndovu mabegani. Lakini walikuwamo wanawake pia, hasa katika misafara ya Wanyamwezi. Wao walibeba vyungu, mikeka na vyakula, na wakati wa kutua, wenye pembe walipokaa kupumzika, wao ndio walioanza kutafuta kuni na maji. Nyumba ilisafiri juu ya vichwa vyao.

Neno la Kizungu linalotumika kwa nyumba ya kukokotwa na gari, karavani, ni hilohilo walilotumia kwa misafara ile. Asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni msafara. Kwa hiyo si neno geni kwetu kama tunavyodhani.

Nyumba ya farasi

Huko Ulaya nyumba yenye magurudumu ilianza kwa watu wasiokuwa na pengine pa kukaa. Watu wa sarakasi wa Ufaransa walikuwa wakiishi katika magari ya farasi mwanzoni mwa karne ya 19. Kufikia katikati ya karne hiyo, Waroma wa Uingereza nao walianza kuhama kutoka katika mahema na kuingia katika magari ya mbao, ambayo kwa lugha yao huitwa vardo. Ndani mlikuwa na kitanda, makabati na jiko la chuma lenye bomba la kutolea moshi. Nje yalichongwa na kupakwa rangi za kupendeza.

Lililonivutia zaidi ni usafi wao. Kwa Waroma wanaoshika mila, beseni la kuoshea vyombo vya chakula haliwezi kuwa lile la kuogea wala la kufulia. Na choo hakiingii ndani ya nyumba ya kulala na kupikia hata siku moja. Huo kwao ni uchafu. Mwanamke wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa jambo hili. Hata mama yangu, alipokiona choo cha lile gari kimeachana na jiko kwa hatua mbili tu, alinitazama kwa jicho ambalo bibi wa Kiroma angelielewa papo hapo. Na mwenye vardo alipofariki, desturi ya kale ilikuwa kulichoma moto gari pamoja na vitu vyake. Nyumba ilikwenda na mwenyewe mpaka mwisho.

Halafu akatokea tajiri wa kuiga. Mwaka 1885 William Gordon Stables, Mskoti aliyekuwa daktari katika jeshi la majini la Uingereza kabla ya kuwa mwandishi wa hadithi za vijana, aliagiza kiwanda kimoja cha Bristol kimtengenezee gari la kulala la farasi kwa ajili ya matembezi tu. Aliliita Wanderer, yaani mzururaji. Lilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 5, la mbao nzuri, lenye makochi, vitabu na jiko. Farasi wawili walilikokota kutoka Twyford, kusini mwa Uingereza, mpaka Inverness huko Uskoti ya kaskazini, safari aliyoihesabu kuwa maili 1,300, yaani zaidi ya kilomita 2,000. Kitabu chake juu ya safari hiyo kilitoka mwaka 1886, mwaka uleule wa kumbukumbu za Sayyida Salme.

Stables ndiye anayetajwa kuwa mwanzo wa watu kusafiri na nyumba kwa starehe. Alisifu hewa safi, uhuru wa kusimama popote, na usingizi mzuri wa usiku. Sifa hizo ni za kweli. Lakini hakuwa peke yake. Alikuwa na kochimani wa kuwaendesha na kuwatunza farasi, na mtumishi aliyekwenda mbele kwa baiskeli ya magurudumu matatu kuangalia njia na kuwatahadharisha watu, maana gari lilikuwa zito na barabara za mashamba nyembamba. Kupanda mlima kulikuwa mtihani, kuteremka mtihani zaidi. Kila siku ilibidi patafutwe pa kuegesha na pa kuwalaza farasi. Mwaka 1907 wapenzi wa mambo hayo waliunda chama chao Uingereza, na Stables akawa mmoja wa viongozi wake wa heshima.

Injini inaingia

Magari ya mafuta yalipokuja, watengenezaji waliyafikiria mambo haya mapema kuliko nilivyodhani. Mwaka 1910, katika maonyesho ya Madison Square Garden huko New York, kampuni ya Pierce-Arrow ilionyesha gari ambalo kiti chake cha nyuma kilikunjuka kuwa kitanda. Lilikuwa na beseni la kunawia, simu ya kuzungumza na dereva, na choo cha kubebeka. Yaani hata matajiri wa wakati ule, wenye hoteli za kila namna, walijua kwamba njiani shida ya mtu ni ileile ya mama yangu.

Mwaka 1915 Roland Conklin, mfanyabiashara wa New York, aliipakia familia yake ndani ya basi la tani 8 lenye urefu wa kama mita 7.5, wakaelekea San Francisco. Basi lilikuwa na vitanda, jiko na umeme wake lenyewe, na juu ya paa palikuwa na bustani. Magazeti yaliandika sana juu yake. Barabara za Marekani wakati huo zilikuwa za udongo na madaraja ya mbao, na gari la uzito huo likizama tope, halitoki kwa kusukumwa na watoto.

Wenye fedha zaidi walikuwa na njia yao. Henry Ford, Thomas Edison na Harvey Firestone walikuwa wakienda pamoja kulala maporini katika miaka ya 1910 na mwanzoni mwa 1920, wakijiita wazururaji. Picha zao zinawaonyesha wamekaa chini ya miti kama watu walioiacha dunia. Nyuma yao kulikuwa na wapishi, na gari zima la jiko.

Watu wa kawaida walitumia gari dogo la Ford, hema, na vyakula vya kopo. Mwaka 1919 huko Tampa, Florida, waliunda chama chao wakakiita cha watalii wa makopo, Tin Can Tourists, na alama yao ilikuwa kopo lililobandikwa kwenye kifuniko cha rejeta. Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza: katika kambi zile, baba akishazima injini na kunyoosha miguu, nani aliyekuwa akifungua makopo?

Mke aliyekataa kulala chini

Katika miaka ya 1920 kulikuwa na bwana mmoja wa California, Wally Byam, aliyependa sana kwenda kulala nje. Mkewe wa kwanza, Marion, hakupenda. Kisa kinasimuliwa kwamba alichoka kulala chini ndani ya hema, na alisema wazi kuwa haendi mahali pasipokuwa na jiko. Byam hakumwambia abaki nyumbani. Alichukua fremu ya gari la Ford akaunda juu yake kibanda cha kulala, chenye jiko dogo la mafuta ya taa na sanduku la barafu la kuwekea chakula. Watu wakawa wanalisimamia njiani kuliangalia, wakaanza kumwomba michoro. Mwaka 1931 akafungua kiwanda, na kampuni yake, Airstream, ipo mpaka leo.

Alifanya na jambo jingine ambalo mwanamme asiyepika angelipuuza. Trela nyingi za mwanzo zilikuwa na sakafu iliyokaa juu ya ekseli, kwa hiyo ndani ulikwenda umeinama. Yeye aliiteremsha sakafu katikati ya magurudumu na akalipandisha paa, mtu aweze kusimama wima. Fikiria kukoroga uji umepinda mgongo, kutwa mara tatu. Mwaka 1936 akatoa ile trela ya alumini inayong'aa, yenye umbo la yai, iliyolaza watu wanne na kuwa na tangi lake la maji na taa za umeme.

Kwa hiyo tukiulizwa nani aliyeanzisha nyumba hizi tunazoziona leo, jibu la vitabuni ni Wally Byam na wenzake. Jibu langu ni kwamba Marion alisema "siendi," na mumewe akasikiliza.

Lakini kuna upande wa pili, na hapa nawaomba mnisikilize kwa makini. Ukichukua jiko safarini, na kazi ya jiko unaichukua. Mwaka 1954 ilitoka filamu ya kuchekesha iliyochezwa na Lucille Ball na mumewe Desi Arnaz, juu ya maarusi wapya walionunua trela ndefu wakaifanya nyumba. Katika kipande kimoja bibi anajaribu kupika chakula cha jioni ndani ya trela huku mume anaendesha. Kila kona inapokatwa, chakula kinaruka, vyombo vinaanguka, naye anaanguka navyo. Watu walicheka sana. Mimi na wifi yangu tulijaribu kuchemsha chai baada ya kutoka Nizwa, gari likienda, na birika lilipotua sakafuni sikuona cha kuchekesha. Alhamdulillah maji yalikuwa hayajachemka. Kaka alisimamisha gari pembeni, na kwa mara ya kwanza tangu tuwe wakubwa akatugombeza sote wawili: gari likienda kila mtu akae kitini na mkanda, na jiko lizimwe. Alikuwa na haki.

Kutoka Cape Town mpaka Cairo

Mojawapo ya safari kubwa za nyumba hizi ilipita katika bara letu. Mwaka 1959 Byam aliongoza msafara wa trela 41 kutoka Cape Town kwenda Cairo. Wasafiri walikuwa Wamarekani, wengi wao watu wazima waliostaafu, wake kwa waume. Binamu yake, Helen Byam Schwamborn, alikuwa nguzo katika kuipanga misafara yao. Walipita Rhodesia, Kongo ya Wabelgiji, Uganda, Kenya, Ethiopia na Sudan, na iliwachukua siku 221, mpaka mwanzoni mwa mwaka 1960.

Mchana walikutana na tope linalomeza gurudumu zima, vumbi linaloingia mpaka kwenye unga, na njia za mawe zinazovunja springi. Usiku walipanga trela zao duara, wakapika, wakatembeleana. Addis Ababa walipokewa na Mfalme Haile Selassie. Cairo walipiga picha na trela zao zinazong'aa mbele ya mapiramidi.

Nikiitazama picha ile nawaza mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni ujasiri wa wale bibi wenye mvi, waliotandika vitanda vyao kila asubuhi kwa siku 221 katika nchi wasizozijua. La pili ni wanawake wa Kiafrika waliosimama pembezoni mwa barabara wakiwaangalia wanapita. Sehemu kubwa ya njia ile ilikuwa ni Afrika iliyotawaliwa; Kongo ilipata uhuru mwezi Juni mwaka 1960, wageni wale wakiwa wameshapita. Mwanamke wa kijijini aliyebeba ndoo kichwani, na mtoto mgongoni, aliiona nyumba nzima inapita na maji yake ndani ya tangi. Aliyekuwa akisafiri na nyumba yake kwa kupenda, na aliyekuwa akibeba ya kwake kwa lazima, walikutana pale barabarani kwa dakika moja.

Nyumba ya dhiki

Na wala si kila mwenye gari la kulala ni mtalii. Wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930, Wamarekani wengi waliopoteza nyumba na kazi waliishi katika trela. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia serikali yao ilinunua maelfu ya trela kuwaweka wafanyakazi wa viwanda vya silaha. Na baada ya uchumi kuanguka mwaka 2008, wazee wengi, na wengi wao wanawake waliokuwa peke yao, waliona kodi ya nyumba haiwezekani tena. Wakahamia katika magari, wakawa wanafuata vibarua vya msimu kutoka jimbo hadi jimbo. Mwandishi Jessica Bruder aliandika habari zao katika kitabu Nomadland cha mwaka 2017, kikatengenezewa filamu iliyopata tuzo ya Oscar.

Wanawake hao husimulia uzuri wa macheo ya jangwani, na husimulia pia hofu ya mtu kugonga dirisha usiku. Wengine wamejifunza kutengeneza injini wenyewe na kuitana dada. Siwezi kuiita hali yao starehe, wala sitaki kuwaonea huruma ya kuwadharau. Ninachosema ni kwamba gari ni lilelile. Linalotofautisha raha na dhiki ni kama una nyumba nyingine ya kurudia.

Turudi jangwani

Sasa niwape mtihani wetu wenyewe. Kabla ya kufika Haima maji yalikwisha. Hakuna aliyetuibia. Tuliyatumia kama tulivyozoea nyumbani, bomba linamwagika huku unatia sabuni. Watu sita, wawili wao watoto, kuosha vyombo, kutawadha, na chooni, kwa sababu sisi ni watu wa maji. Tangi halikujua kama sisi ni wageni wake. Nje palikuwa pakali kama mdomo wa tanuri, na ukisimama muda mrefu ubaridi wa ndani unapungua.

Mama ndiye aliyetuokoa. Alichukua chupa za maji ya kunywa zilizobaki, akaziweka mbele yake, akaanza kugawa. Kikombe hiki cha chai, kikombe hiki cha watoto, kopo hili la chooni na asilichezee mtu. Alitufundisha kutawadha kwa maji ya kikombe kimoja, kama alivyofundishwa na bibi yake shamba, kisima kilipokuwa mbali. Mtu aliyekuwa akikataa safari asiwe mzigo, sasa ndiye aliyekuwa akiiendesha. Tulipofika Haima tukajaza tangi, na kaka akaenda kumwaga lile tangi jingine, la choo. Sitaieleza kazi hiyo hapa. Nitasema tu kwamba tuligawana kazi tangu siku ile: anayependa raha ya choo cha ndani ajue kuna siku ya kukimwaga, na siku hiyo haikuwa ya wanawake peke yao. Kupika tulipangiana zamu, na kaka alipika mara mbili. Wali wake ulikuwa bokoboko, tukaula.

Na raha je? Raha ilikuwa nyingi, na wala si ya gharama. Ilikuwa ni kusimama pembezoni mwa barabara wakati wa sala, tukafupisha kama msafiri alivyoruhusiwa, kisha tukanywa chai ya mchaichai iliyotoka chupani mwetu. Watoto walilala vitandani mwao bila ya kuvunjika shingo kwenye viti. Ukungu wa Salalah ulitukuta tukiteremka kutoka jangwani, na dirisha likaanza kuloana kwa manyunyu kana kwamba tumeingia nchi nyingine.

Lakini raha kubwa kwangu ilikuwa ni mlango mdogo unaofungwa. Kila alipohitaji, Mama alimgusa kaka begani, kaka akaegesha, naye akaingia, akatoka, akakaa kitini pake dirishani. Hakuna aliyeuliza wala aliyegeuka kutazama. Siku nzima ya kwanza alikuwa akihesabu mara ngapi ametusimamisha, na akituomba radhi. Siku ya pili aliacha kuhesabu.

Hiyo ndiyo maana ya historia yote niliyowasimulia. Ndani ya nyumba zetu mna kina mama, shangazi na wifi wanaosema watalinda nyumba. Tunawaamini upesi, kwa sababu inatupunguzia taabu. Kabla hujamwacha, muulize taratibu, pembeni, ni kitu gani hasa kinachomzuia. Huenda asikutajie. Basi mtajie wewe: Mama, ni choo? Ni goti? Ni kitanda? Visiwani kwetu hatuna magari ya kulala, na barabara zetu nyingine hazilitaki. Lakini kukodi kigari kidogo badala ya kupanda daladala, kupanga mapema nyumba za jamaa za kusimamia njiani, kuchukua ndoo yenye kifuniko, kopo na kanga mbili za kuzungushia pazia, hayo hayahitaji kiwanda. Yanahitaji mtu mmoja wa kusikiliza, kama yule aliyemsikiliza Marion.

Mwezi wa pili baada ya kurudi tulialikwa maulidi Mkokotoni. Nikangoja lile neno. Mama alikuwa anakunja kanga zake kitandani, hakuinua macho. Akaniuliza, "Tunasimama wapi njiani?"

Mwenyezi Mungu awape afya wazazi wetu, na awarehemu waliotangulia.